Kisahani Kilichokuwepo

Kisahani cha hoki ya barafu hutengenezwa kwa makusudi kisiwe na upekee wowote. Ni kipande cha mpira mweusi uliopikwa kwa joto na salfa hadi ukawa mgumu, kipenyo chake sentimita 7.6, unene wake sentimita 2.5, na katika ligi ya NHL ya Amerika Kaskazini uzito wake hutakiwa kuwa kati ya gramu 156 na 170. Ukingoni kina mikwaruzo midogo iliyopishana, inayosaidia gongo kukishika. Kabla ya mechi hugandishwa, kwa kuwa mpira wenye joto hudundadunda na kumtoroka mchezaji, na mechi ikiendelea waamuzi hukitoa kilichopata joto wakaingiza kingine kilichotoka kwenye barafu, bila yeyote uwanjani kujali kipi kimetoka na kipi kimeingia. Haki ya mchezo yenyewe inadai hivyo. Ingekuwa dhuluma timu moja ikicheza na kisahani chenye tabia yake. Kisha linafungwa bao ambalo watu watalizungumzia miaka na miaka, na kitu kile kile ambacho dakika moja kabla kingeweza kubadilishwa bila mtu kugutuka kinakuwa hakina badala duniani. Kinaokotwa, kinatiwa alama, na baada ya muda kimo katika kabati la vioo la mkusanyaji, au mnadani, au katika Jumba la Umaarufu wa Hoki mjini Toronto. Ukikipima, uzito ni ule ule. Ukikipasua, ndani ni mpira mtupu. Basi ni nini kilichobadilika? Na kama ndani ya mpira hakuna kilichobadilika, je, wanaokithamini wamedanganyika?

Swali hili limevaa nguo za michezo, lakini ni la kale, na dini zimelishughulikia kwa karne nyingi kabla barafu ya Montreal haijachezewa hoki. Kila penye kaburi la mtakatifu, vazi la nabii, unywele uliohifadhiwa ndani ya chupa au jiwe linalobusiwa, kumetokea mtu akauliza kama kitu kinaweza kubeba jambo lililopita, na mwingine akauliza kama kukiheshimu kitu hicho si kumwibia Mungu haki yake. Mkusanyaji wa visahani vilivyochezewa amejikuta ndani ya mjadala huo, atake asitake. Nadhani ana hoja nzuri kuliko anavyodhaniwa, ila siyo ile ambayo wengi humpa.

Hoja ambayo wengi humpa ni ya mguso. Inasema kwamba kitu kilichogusana na mtu mkubwa kimechukua kitu chake, na kwamba sisi binadamu tumeumbwa hivyo. Ushahidi upo. Mwaka 2008 wanasaikolojia Bruce Hood na Paul Bloom walichapisha jaribio ambalo ndani yake watoto wadogo walioneshwa mashine waliyoaminishwa kwamba inanakili vitu. Walipoambiwa kwamba chombo fulani kilikuwa cha Malkia Elizabeth wa Pili, walikithamini cha asili kuliko nakala yake, ingawa kwa macho vilifanana kabisa. Mwaka 2014 Bloom na mwenzake George Newman walichambua minada ya mali za watu mashuhuri, wakakuta kwamba kadiri watu walivyoamini kuwa John F. Kennedy au Marilyn Monroe alikishika sana kitu, ndivyo bei ilivyopanda. Lakini kwa mali za tapeli Bernard Madoff mguso uliishusha bei. Katika utafiti mwingine wa Newman, Bloom na Gil Diesendruck wa mwaka 2011, watu walipoelezwa kwamba nguo ya mtu wanayempenda imesafishwa hadi ikatakasika vijidudu vyote, hamu yao ya kuinunua ilipungua. Mwenye kusoma matokeo haya ataona haraka kwamba ni imani ya baraka na nuksi, ile inayomfanya mtu apanguse ukuta wa kaburi kisha ajipake usoni, na ile inayomfanya akatae kulalia kitanda cha aliyelaaniwa.

Kwa jezi yenye jasho, maelezo haya yanatosha. Kwa kisahani hayatoshi hata kidogo, na hapo ndipo kitu hiki duni kinapotufundisha jambo ambalo vazi na unywele haviwezi kutufundisha. Mfungaji hakigusi kisahani. Amevaa glavu nene, ameshika gongo, na mwisho wa gongo umezungushiwa utepe wa kitambaa. Kinachokutana na mpira ni utepe huo, kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Mikono mitupu inayokishika ni ya mhudumu aliyekitoa kwenye barafu na mwamuzi aliyekiangusha kati ya wachezaji wawili. Kama mguso ndio chimbuko la thamani, mkusanyaji angepaswa kukitafuta kisahani cha mazoezi ya kabla ya mechi. Wakati huo nyota wa timu hupiga kisahani mara nyingi bila bughudha, na mara nyingine hukiinua kwa mkono na kumrushia mtoto aliyesimama nyuma ya kioo. Mguso uko tele. Hata hivyo, kwa kawaida visahani vya mazoezi ndivyo vya bei ya chini kabisa, vinafuatwa na vilivyokuwa mchezoni bila kufungiwa bao, na juu kabisa vipo vilivyoingia wavuni. Klabu zinazoviuza hubandika stika ya hologramu yenye namba, na namba hiyo hufungua kumbukumbu: tarehe, mpinzani, kipindi, mfungaji, waliotoa pasi. Katika maelezo yote hayo hakuna linalohusu ngozi ya mtu. Yote yanahusu tukio.

Ndiyo maana nasema kwamba kisahani kilichochezewa kinathaminiwa kama shahidi. Shahidi mahakamani hathaminiwi kwa urefu wake wala kwa ukoo wake. Anathaminiwa kwa sababu moja, kwamba alikuwepo. Pacha wake anayefanana naye kwa kila nywele hafai kuitwa, hata kama anaijua habari yote, kwa sababu hakuwepo. Kuwepo huko hakuonekani usoni mwake wala hakupimwi kwa mizani, na bado ni jambo la kweli kumhusu, la kweli sawasawa na uzito wake. Tumezoea kudhani kwamba ukweli wote kuhusu kitu umo ndani ya kitu, kwamba tukiorodhesha umbo, rangi na viambato vyake tumemaliza. Hatujamaliza. Kitu kina pia njia kilichopitia, na njia hiyo ni yake peke yake, hata ikiwa haikuacha alama. Visahani viwili vilivyotoka katika kalibu moja siku moja vinaweza kufanana kwa kila kipimo, na kimoja kikawa na kweli ambayo kingine hakina: kilivuka mstari usiku ule.

Ushahidi mzito wa jambo hili haumo sokoni bali ndani ya timu zenyewe, katika desturi ya bao la kwanza. Kijana anapofunga bao lake la kwanza katika NHL, mwenzake mmoja, kabla hata hajamkumbatia, huenda golini kukichukua kisahani. Mara nyingine ni mpinzani anayekiokota na kukitoa, bila kuombwa, na sioni tendo jingine la adabu katika mchezo huu wenye ngumi linalolishinda hilo. Kisahani hupelekwa benchi kwa mtunza vifaa. Huyo hukizungushia utepe mweupe ukingoni, ule ule wa kufungia magongo, akaandika kwa kalamu ya wino mzito jina, tarehe na jina la timu pinzani. Baada ya mechi kijana hupigwa picha akiwa amekishika kifuani, jasho bado linamtoka. Makipa nao hutunziwa kisahani cha ushindi wao wa kwanza. Hapa hakuna biashara. Na tazama ni nani anayekitaka: ni mfungaji mwenyewe, mtu ambaye hahitaji kuthibitishiwa chochote. Bao limeandikwa katika kumbukumbu rasmi, limerekodiwa kwa kamera nyingi, wazazi wake wameliona. Wala hatafuti baraka za mtu mkubwa, maana mtu mwenyewe ni yeye. Anachotaka ni kitu kilichokuwa upande wa pili wa tendo lake, kitu pekee kilichofika pale alipokusudia kufika. Gongo lilibaki mkononi. Kisahani ndicho kilichokwenda.

Mwenye dini anaweza kuingia hapa na pingamizi zito kuliko yote. Atasema: haya ndiyo maneno ya kila aliyeanza kwa kukumbuka akaishia kusujudu. Leo ni shahidi, kesho ni mlinzi, keshokutwa ni mungu. Pingamizi hili halifai kupuuzwa, kwa kuwa historia inaliunga mkono. John Calvin alipoandika kitabu chake kuhusu masalia mwaka 1543 alikuwa na mifano tele ya mifupa isiyo na mwenyewe na vipande vya mbao vilivyozidi msalaba mmoja. Lakini hata ndani ya mapokeo yanayoheshimu masalia, tofauti imekuwa ikichorwa tangu zamani. Jerome, akimjibu Vigilantius, aliyeipinga heshima hiyo, mwanzoni mwa karne ya tano, alishikilia kwamba Wakristo hawaabudu masalia ya mashahidi wa imani, wanayaheshimu kwa ajili ya Yule ambaye mashahidi hao walimfia. Mtaguso wa Trento ulitetea heshima hiyo mwaka 1563, na katika tamko lilo hilo ukaagiza kila ushirikina na kila faida chafu katika jambo hilo viondolewe. Mstari ulichorwa kati ya kuheshimu na kuabudu, ingawa watu wameuvuka mara nyingi.

Mfano ulio wazi zaidi kwangu unatoka katika Uislamu, na nautaja nikijua kwamba daraja la ibada na daraja la mchezo haviwekwi sahani moja. Nachukua namna ya kufikiri tu. Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kwamba Umar bin Khattab alilikabili Jiwe Jeusi la Al-Kaaba akatamka bayana kuwa analijua ni jiwe lisilodhuru wala kunufaisha, na kwamba lau asingemwona Mtume (S.A.W.) akilibusu, yeye asingelibusu. Watu huinukuu habari hii kupinga ushirikina, na wana haki. Lakini ina nusu ya pili. Umar alilikana jiwe uwezo, kisha akalibusu. Alitenganisha mambo mawili ambayo mwabudu sanamu huyachanganya na mwenye dharau pia huyachanganya: nguvu iliyomo katika kitu, ambayo haipo, na jambo lililotokea kwa kitu, ambalo lipo na lina uzito. Heshima yake ilisimama juu ya kumbukumbu ya tendo aliloliona kwa macho, na kwa hiyo ilikuwa salama. Hapo ndipo mkusanyaji anapopata kipimo chake. Akikiweka kisahani kabatini kwa sababu usiku fulani jambo fulani lilitokea na hiki kilikuwepo, hajamwibia yeyote haki yake. Akikitia mfukoni siku ya mtihani au ya fainali ili kimletee bahati, amevuka. Kitu ni kile kile. Kilichohama ni anachokitarajia kutoka kwake. Na nakiri kwamba wapo wengi waliovuka, kwa kuwa wanamichezo na mashabiki wao ni watu wa hirizi kupita kiasi. Hilo ni kosa la kuonywa. Halifuti heshima iliyo halali, kama vile vipande vingi vya msalaba bandia havikufuta swali la kama msalaba ulikuwepo.

Pingamizi la pili linatoka kwa asiye na dini hata kidogo. Anasema: chukua kisahani cha bao la Sidney Crosby, lile la tarehe 28 Februari 2010 mjini Vancouver, lililoipa Canada dhahabu ya Olimpiki katika muda wa nyongeza dhidi ya Marekani. (Crosby ndiye yuyu huyu ambaye mwaka 2018 alicheza upande mmoja na Ice Lions wa Nairobi walipoalikwa Canada, kwa hiyo si mgeni kabisa kwetu.) Kisahani hicho kimo Toronto. Sasa tuseme usiku wa manane mtu akakibadilisha na kingine cha aina ile ile, asigundulike milele. Wageni wataendelea kupanga foleni, watoto wataendelea kukodoa macho, machozi yatatoka yale yale. Kama furaha haikupungua hata chembe, thamani ilikuwa wapi?

Jibu langu ni kwamba mfano huu unathibitisha kinyume cha unachokusudia. Waulize wale walio kwenye foleni kama wangekubali badiliko hilo lifanyike, kwa masharti kwamba hawatalijua. Watakataa. Na watakataa kwa sababu hawakuja kutafuta machozi. Walikuja kukiona kile kisahani, na machozi yakaja yenyewe. Aliyedanganywa bila kujua amedhulumiwa, japo hana maumivu. Mume anayesalitiwa kwa siri amesalitiwa. Mjane anayepewa majivu ya mtu mwingine amenyimwa mumewe mara ya pili. Atajibu mwenye shaka kwamba ubaya hapo ni wa uongo, si wa kisahani. Sawa, lakini uongo unahitaji kuwa na ukweli wa kuufunika. Kama kati ya visahani viwili hakuna tofauti ya kweli, basi aliyevibadilisha hakudanganya, na hatuna haki ya kumkasirikia. Mwanafalsafa Nelson Goodman, katika kitabu chake cha mwaka 1968 kuhusu lugha za sanaa, alisema jambo linalokaribiana na hili kuhusu picha na nakala yake kamili: kwamba kujua mojawapo ni ya kughushi kunabadilisha namna tunavyozitazama hata kabla jicho halijaona tofauti. Mimi nasogea hatua moja zaidi yake. Hata ikiwa jicho halitaona kamwe, tofauti ipo, kwa sababu yaliyopita yalitokea kwa namna moja tu.

Asiyeridhika na hoja hii kwa kuwa imejengwa juu ya mchezo, na aipime kwa jambo ambalo si mchezo. Mtwa Mkwawa wa Wahehe alijiua mwaka 1898 badala ya kukamatwa na Wajerumani, nao wakamkata kichwa na fuvu likapelekwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 ulilitaja kwa kifungu chake cha 246, ukidai likabidhiwe Waingereza. Halikurudi hadi mwaka 1954, baada ya Gavana Edward Twining kulichagua katika makumbusho ya Bremen miongoni mwa mafuvu mengine, kwa kutumia vipimo vya vichwa vya jamaa za Mkwawa. Leo lipo Kalenga, karibu na Iringa, na wako wanaotilia shaka kama kweli ndilo. Uzito wa jambo hili na uzito wa bao la hoki haviko karibu, na anayedai viko karibu hajui msiba ni nini. Lakini mantiki ni moja. Hakuna Mhehe aliyewahi kusema: leteni fuvu lolote linalofanana, litatosha. Na shaka ile isingemsumbua mtu kama kufanana kungetosha. Kila taifa la Afrika linalodai leo kurudishiwa ngoma, viti vya enzi na mifupa iliyochukuliwa linasimama juu ya kanuni hiyo hiyo, na makumbusho yanayojaribu kulituliza kwa nakala nzuri yanaikana. Anayemcheka mkusanyaji kwa kutaka kile chenyewe ajihadhari asije akawa amewacheka pia wanaodai vya kwao.

Pingamizi la soko ni jepesi zaidi, ingawa ndilo husemwa kwa sauti kubwa. Kwamba visahani vinauzwa na klabu tajiri hakuthibitishi kuwa havina maana. Vitabu vitakatifu navyo vinauzwa madukani. Hata hivyo kuna jambo la kujifunza kwa Kanisa Katoliki, ambalo kanuni yake ya 1190 inakataza kabisa kuuza masalia matakatifu, na Mtaguso wa Laterano ulikwisha kukataza biashara hiyo mwaka 1215. Hofu yao haikuwa ya kitawa tu. Walijua kwamba penye bei pana mghushi, na kwamba fedha ikishaingia kila mfupa hupata jina. Sitaki kisahani kipewe utakatifu kisioustahili kwa kukatazwa kuuzwa. Lakini mnunuzi na aelewe anachonunua: ananunua ulinzi wa shahidi. Bao halinunuliki. Halikuwa lake kabla ya kulipa na halitakuwa lake baada ya kulipa, hata akilipa mara kumi. Wala bei haipimi ushahidi. Kisahani cha bao la tatu katika mechi ya mwezi Novemba ambayo timu moja ilikwisha kushinda ni shahidi wa kweli kabisa wa jambo dogo, na baba aliyekuwa jukwaani usiku ule na binti yake ana sababu bora ya kukitaka kuliko tajiri anayekusanya majina. Ninachokiona kibaya ni tabia ya kukuza kila dakika ya mchezo iwe ya kihistoria ili iuzike. Shahidi wa kila kitu hana la kusema.

Yote haya yanategemea kitu kimoja ambacho mpira wenyewe hauwezi kukitoa, yaani uaminifu wa mikono uliyopitia. Kisahani hakisemi. Kikishatoka barafuni hupata joto, na kinakuwa hata hakifai tena kwa mchezo uliokipa jina. Mikwaruzo yake haina saini. Kwa hiyo thamani yake yote inaning'inia kwenye mnyororo wa watu: aliyekitoa wavuni, aliyekipokea benchini, aliyebandika stika, aliyeandika kumbukumbu. Waislamu wana elimu iliyokomaa ya jambo hili, elimu ya isnadi, ambamo habari haipokelewi kwa utamu wake bali kwa kuchunguzwa mpokezi mmoja mmoja, kama alikutana kweli na aliyempa, kama alikuwa na kumbukumbu nzuri, kama alikuwa mkweli. Stika ya hologramu ni isnadi fupi, na ina udhaifu wa isnadi: inathibitisha kwamba mtu fulani alisema, na inabaki kuwa na nguvu kadiri mtu huyo anavyoaminika. Mkusanyaji makini anautumia muda wake mwingi hapo, akilinganisha picha, akisoma kumbukumbu za mechi, akiuliza nani alikuwa wapi. Watu huona ni kazi ya karatasi inayochosha. Mimi naona ndiyo sehemu ya heshima kuliko zote, maana ndipo anapoonesha kuwa anaupenda ukweli wa tukio kuliko raha ya kumiliki.

Na mnyororo hukatika. Paul Henderson alifunga dhidi ya Wasovieti mjini Moscow tarehe 28 Septemba 1972 zikiwa zimebaki sekunde 34, bao ambalo Wakanada wengi walihesabu kuwa kubwa kuliko yote ya karne yao. Kwa miaka mingi imesimuliwa kwamba beki Pat Stapleton ndiye aliyekiokota kisahani, naye mwenyewe alilizungumza jambo hilo kwa mafumbo hadi alipofariki mwaka 2020. Patrick Kane aliifungia Chicago bao la ubingwa mjini Philadelphia tarehe 9 Juni 2010, katika muda wa nyongeza. Kisahani kilinasa chini golini, wengi uwanjani hawakujua kama kimeingia, Kane akaanza kukimbia akishangilia karibu peke yake, na katika vurugu ya furaha iliyofuata kikapotea. Mgahawa mmoja maarufu wa Chicago ulitangaza zawadi ya dola 50,000. Mabao yote mawili yamebaki kamili; shahidi akifa, jambo alilolishuhudia halifi. Ila tuseme leo mtu ajitokeze na kisahani cheusi kilichokuwa dukani kwa babu yake, aseme ndicho. Kitakuwa sawa kwa kila kipimo na kile kilichopotea, na huenda kweli ndicho. Zawadi isitoke, na kisahani kisitupwe. Wanazuoni wa hadithi wana daraja za sahihi, hasan na dhaifu, na dhaifu hawakuitia moto. Waliiandika pamoja na kasoro yake, ili atakayekuja ajue ni mpokezi gani aliyekosekana na asijenge hukumu juu yake. Kibao cha kisahani hicho kiandikwe hivyo hivyo: nani anasema, alikipata kwa nani, na ni wapi mnyororo unapokatika.